Kabla ya kuniuliza bei ya mbegu niambie shamba lako liko juu kiasi gani

Wiki iliyopita kuna jamaa wa Kinangop, kule nyanda za juu, kanitumia meseji usiku, ataka mbegu za mvinje nusu kilo, yeye na kikundi chake wakapande kule juu. Nikamwambia siuzi. Akanijibu eti naringa, pesa ya bara siitaki, kisha akaniblok. Imeniuma, maana biashara saa hii iko chini na yule alikuwa tayari kutuma kwa Mpesa.

Lakini jamani, mvinje wetu wa Malindi ni mti wa mchanga na upepo wa chumvi. Vile vitunda vyake naviokota karibu na bahari, navianika kwenye turubai mpaka vipasuke, mbegu zitoke na kibawa chake, nyepesi ukikohoa zishapeperuka, halafu natia jivu sisimizi wasizibebe. Sasa nipeleke hizo Kinangop, zaidi ya mita 2,400, kuna asubuhi za Januari nyasi zaamka nyeupe kwa sakitu? Ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6, fanya hesabu mwenyewe. Mvinje wa nyanda za juu upo, ni aina nyingine, Casuarina cunninghamiana, na kwa jina watu huita mvinje huohuo, hapo ndo wengi huliwa pesa.

Tangu serikali itangaze miti bilioni 15 kufikia 2032 kila mtu amekuwa muuza mbegu, ukimuuliza mti mama ulisimama wapi anakwambia "mbegu safi boss". Safi ya wapi? Na kitalu hakikuonyeshi kitu, pale kuna maji na kivuli, miche yote kijani, watu wapiga picha wapande waende zao, baridi inakuja wakiwa washasahau.

Hata mti wa kienyeji ni vilevile. Muiri (Prunus africana) ama mutarakwa (mwerezi) wa chini si sawa na wa juu, ingawa jina ni moja, umezoea joto la kwao. Kwa hiyo wa milimani okoteni mbegu msitu uleule, urefu uleule kutoka usawa wa bahari, na msichume mti mmoja uliojitenga kwa vile tu matawi yako chini, zungukieni miti mingi iliyoachana, mchanganye. Mbegu ya muiri nayo ipandwe mbichi, ukiiweka kabatini imekufa. Andika kwenye mfuko mahali, urefu na tarehe, kalamu haina gharama.

Nawaambia hivi na mimi ni mtu wa tambarare, lakini sisi urefu tunaujua kwa maji, tazama mikoko: mlilana mbele baharini, mkandaa nyuma, ukibadilisha umepoteza, na hapo tofauti haifiki hata kimo cha mtu.

Wa bara ulizeni KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, kituo chao cha mbegu kiko Muguga. Wa Malindi, Watamu, Mambrui, mvinje ninao, inbox iko wazi.