Vidonge nilivyovificha kwenye kopo la maziwa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Wete, ambaye kwa adabu yake alianza na salamu ndefu na dua kabla ya kueleza haja yake. Mumewe, aliyeambiwa kuwa moyo wake umetanuka na hausukumi damu sawasawa, ameacha vidonge vyote isipokuwa cha kukojoza, kwa sababu uvimbe wa miguu umeondoka na vile vingine haoni vinamfaa nini. Aliniuliza: mtu akishapungua maji, si ndiyo amepona? Nilikaa na simu mkononi kwa muda, kwani maneno ya mumewe ni yale yale niliyoyasema mimi miaka mitatu nyuma, hapa hapa barazani kwangu Chake Chake, na nusura yanipeleke kaburini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na nakiri kwamba nilikuwa na kiburi cha mtu aliyezoea kuwasahihisha wenziwe. Nilipotoka hospitali mara ya kwanza nilipewa dawa nne: furosemaidi, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Lasix, kisha enalaprili, spironolaktoni na kavediloli. Lasix niliipenda tangu siku ya kwanza, maana ukiimeza asubuhi, haipiti saa moja unaona kazi yake chooni, na jioni viatu vinaingia. Kavediloli ilikuwa kinyume chake. Kidonge chenyewe ni kidogo, nilianza na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, na bado kilinilegeza mwili mzima hata nikawa nikiinuka kutoka kwenye sijda naona giza. Baada ya wiki mbili daktari akaongeza dozi maradufu. Hapo nikajifanyia hesabu zangu: dawa inayonipa nguvu naiendeleza, inayoninyang'anya nguvu naiacha.

Kila mke wangu aliponiuliza, "Maalim, umeshakunywa dawa?" nilimjibu kuwa nimekunywa, na kidonge nikakitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa juu ya kabati. Mito ikaongezeka kitandani, kutoka mmoja hadi mitatu, nami nikawaambia watu kuwa ni pumu. Usiku mmoja niliamka nikiwa kama mtu aliyezamishwa, nikakimbilia dirishani, na pumzi haikuingia. Gari la jirani ndilo lililonifikisha hospitali, nikawekewa hewa ya oksijeni na kupigwa sindano za kukojoza, na katika siku tano nilipungua kilo sita, zote za maji.

Mdogo wangu ndiye aliyelikuta lile kopo. Alilimwaga juu ya mkeka mbele ya mke wangu na kuhesabu vidonge 41, kimoja kimoja, kwa sauti. Alikuwa na haki ya kukasirika, silikatai hilo, lakini kulisimulia jambo hilo barazani kwa watu niliowasomesha hakukuwa na ulazima, na mpaka leo linaniuma. Linaniuma vilevile kwamba siku ile ya kwanza nilipewa dawa dirishani bila ya mtu yeyote kunieleza, hata kwa sentensi moja, kwamba ile niliyoipenda ilikuwa inaniondolea dalili tu.

Nililokuja kulielewa baadaye ni hili. Moyo ukidhoofika, mwili hudhani damu imepungua, basi humwaga homoni za kuuharakisha moyo, kuibana mishipa na kuzuia chumvi na maji visitoke. Ni sawa na mwenye gari la ng'ombe anayemchapa bakora ng'ombe aliyechoka kwenye mlima: atapanda hatua chache, kisha ataanguka. Lasix hupunguza mzigo garini. Enalaprili, kavediloli na spironolaktoni ndizo zinazomnyang'anya mtu huyo bakora, na kwa sababu hiyo mgonjwa huweza kuhisi uzito mwanzoni, ilhali ndizo zilizothibitishwa kurefusha maisha. Madaktari wenyewe kwa miaka mingi waliogopa kuwapa wagonjwa kama sisi dawa za jamii ya kavediloli, mpaka utafiti wa miaka ya 1990 ulipowageuza, na nilipolisoma hilo nilijiona si mjinga peke yangu.

Nilirudishwa kwenye dozi ndogo na kupandishwa polepole zaidi. Enalaprili ilinitia kikohozi kikavu kisichokwisha, nikabadilishiwa losatani, na baadaye nikaongezewa dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari na hutolewa hata kwa sisi tusio na sukari. Mwanzoni moyo wangu ulikuwa unasukuma nje, kwa kila pigo, asilimia 27 ya damu iliyojaa ndani yake. Kipimo cha mwezi uliopita kimesoma 43, na niliipeleka karatasi yake kwa mdogo wangu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nawaambia ndugu zangu: msiache dawa kwa sababu mmepata nafuu, na msiache dawa kwa sababu hamjapata nafuu. Dawa ikikusumbua, kamwambie aliyekupa. Jipime uzito kila asubuhi, na ukiona kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku tatu, usisubiri miguu ivimbe. Ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, uiage. Madafu nayo, ambayo kila mgeni huniletea kwa mapenzi, yana potasiamu nyingi, na spironolaktoni pamoja na losatani tayari huizuia isitoke mwilini, basi nakunywa kidogo na damu yangu hupimwa. Diklofenaki ya goti usiinunue dukani kwa mazoea, kwani huzuia maji mwilini na kuumiza figo. Na tena, dawa usiache.

Yule mama alinijibu jana. Mumewe amekubali kurudi kwenye vidonge, na alitaka kuanza usiku ule ule kwa dozi aliyokuwa ameiachia. Nilimwandikia asithubutu, kwa sababu kavediloli iliyoachwa kwa wiki kadhaa huanzwa tena kutoka chini. Nilimwomba atie pakiti zote kwenye mfuko mmoja, hata zile tupu, ampeleke mumewe kliniki asubuhi, na yeye mwenyewe aingie chumbani pamoja naye.