Miezi imepotea kwenye grafu zote tatu

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kondele. Ninaandaa ripoti ya chama cha kina mama wanaouza omena (dagaa) pale Dunga. Kwa Matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu, nimepanga grafu tatu, moja juu ya nyingine: mvua, kimo cha ziwa na bei ya gorogoro (kopo la kupimia) ya omena. Majina ya miezi yalijirudia mara tatu hadi nafasi ikaisha. Nikaandika set_xticklabels([]) kwa ile ya juu, miezi ikatoweka yote, hata ya chini! Tena kwenye mhimili wa ziwa kumezuka +1.134e3. Imetoka wapi?
Karani wa chama, Kisumu

JIBU: Karani, mpangilio wako ni mzuri, usiubomoe. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na anayesoma ripoti anataka kushusha jicho kutoka mwezi wa mvua hadi bei ya mwezi huo huo bila kupapasa.

Nadhani uliunda kila grafu kwa add_subplot(3, 1, 2, sharex=ax1) na wenzake. Njia hiyo huunganisha mihimili lakini haifichi lebo, yaani majina ya miezi, hata moja. Na zikishaunganishwa, mwandishi wa lebo huwa mmoja kwa zote tatu. Ukimwambia asiandike kitu juu, haandiki popote. Kwa hiyo lebo zifichwe, zisifutwe. Kwa kila grafu kati ya mbili za juu andika:

ax.tick_params(labelbottom=False)

Amri hii hugusa grafu hiyo peke yake. Miezi ya chini itabaki. Ukianza upya, tumia plt.subplots(3, 1, sharex=True), nayo itaficha za juu bila kuombwa.

Hiyo +1.134e3 ni "jumlisha 1134". Ziwa Victoria liko takriban mita 1134 juu ya usawa wa bahari, na vipimo vyako vyote bila shaka vimo ndani ya mita hiyo moja, basi programu imeitoa 1134 pembeni ikabakiza desimali. Sidhani mama wa Dunga atakubali kufanya hesabu ya kujumlisha ndipo ajue kimo cha ziwa lake. Izime:

ax.ticklabel_format(axis='y', useOffset=False)

Wapo watakaokushauri ubane grafu hadi zigusane, kwa fig.subplots_adjust(hspace=0). Mimi huacha nafasi kidogo, hspace=0.08. Zikigusana, namba ya juu ya grafu moja hupanda juu ya namba ya chini ya jirani yake, na itakubidi uzipogoe kwa MaxNLocator(prune='both').

Majina ya mihimili ya kushoto yaache matatu, kwa sababu milimita, mita na shilingi haziwezi kukaa chini ya jina moja. Yakionekana kupishana, moja ndani jingine nje, fig.align_ylabels() itayanyoosha, iandike kabla ya savefig.