Chesi: muda gani mpaka uwe mzuri? Kwa wanaoanza huku Nyanda za Juu Kusini

Mtu akishakaa kwenye ubao wa chesi wiki mbili tatu lazima aulize: itanichukua muda gani niwe mzuri? Tunamrudishia swali: mzuri wa wapi? Mzuri wa bwenini, mzuri wa mkoa na mzuri mwenye alama za FIDE (shirikisho la chesi la dunia, ambalo humpa mchezaji namba ya kupima kiwango chake) ni watu watatu tofauti.

Mwaka 2007 watafiti Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walichapisha kazi yao kuhusu wachezaji wa Argentina. Katika waliofikia umahiri, aliyewahi kuliko wote alitumia takriban saa 3,000 za mazoezi, na aliyechelewa kuliko wote zaidi ya saa 23,000. Piga hesabu ya saa moja kila siku: 3,000 ni miaka minane na kitu, 23,000 ni miaka 63, yaani unakuwa mahiri wajukuu wameshaoa. Kwa hiyo anayekuahidi miaka miwili anabahatisha, na anayekuambia umeshachelewa naye anabahatisha. Kipaji kina sehemu yake, hilo hatubishi. Ila kipaji huwezi kukiongeza. Namna ya kuitumia ile saa moja unaweza kuibadilisha leo jioni.

Makadirio yetu kwa mtu anayetoa saa moja, siku tano au sita za wiki, ni haya. Miezi mitatu hadi sita: unaacha kugawa kete bure. Mwaka mmoja hadi miwili: unawafunga karibu wote wa mtaani kwako. Miaka mitatu hadi mitano: unacheza kama mtu wa alama 1600 au 1800, na mchezaji wa klabu hakudharau tena. Kutoka hapo kwenda 2000 wengi hawafiki kabisa, na tutaeleza kwa nini. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kukatisha njia. Mtu mzima mwenye kazi na familia aongeze muda, asijilaumu.

Wengi wenu mnatoka kwenye drafti, ile ya vizibo vya soda pale Mwanjelwa au Mlandege. Mnakuja na faida moja kubwa: kichwa kimeshazoea "nikienda hapa, yeye ataenda pale". Mnakuja pia na ugonjwa. Kwenye drafti kula ni lazima, kwenye chesi si lazima, na mgeni hula kila kinacholika. Tazama mfano huu, tunauona kila wiki. Farasi wako yupo g5, askofu c4 (herufi ni safu, a hadi h kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe; namba ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake), wote wanaitazama f7, na mwenzako ameshamficha mfalme wake g8, ngome ikiwa f8. Farasi anakula askari, ngome inakula farasi, askofu anakula ngome, mfalme anakula askofu. Kwa bei za vitabuni, askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9, umetoa 6 na umepata 6. Mgeni anafurahi kwamba amevunja ukuta. Kumbe wewe umebaki na ngome iliyolala kona ya a1, haina njia ya kutokea, na yeye ana kete ndogo mbili zaidi zinazopigana sasa hivi. Mwanzoni mwa mchezo kete mbili zilizotoka nje karibu siku zote zinaishinda ngome na askari. Kabla ya kula, hesabu wanaolinda na wanaoshambulia, halafu jiulize nani atakuwa kazini vumbi likitulia.

Vifaa si tatizo. Ubao wa mashindano una visanduku vya sentimita 5 hadi 6 na mfalme wa sentimita 9.5 hivi, lakini kadibodi iliyochorwa kwa rula inatosha kuanzia. Hakikisha tu kisanduku cha kona ya kulia kwako ni cheupe, na malkia anasimama kwenye rangi yake. Usicheze kwenye simu peke yake. Anayezoea skrini tu akikalishwa mbele ya kete za kweli hupitwa na vitu vya wazi, hasa askofu anayetazama kutoka kona ya mbali.

Miezi mitatu ya kwanza kazi ni ndogo na haina raha. Jifunze kumalizia kwa malkia na mfalme dhidi ya mfalme mtupu. Ukicheza sawasawa haizidi hatua 10. Kisha kwa ngome na mfalme, ambayo haizidi 16. Usihame mpaka uweze kuzimaliza zote mbili ndani ya dakika mbili bila kusitasita. Kinachoharibika hapa ni sare ya mfalme kukosa pa kwenda. Mfalme mweusi yupo a8, wewe unamweka malkia b6 ukidhani umembana. Umembana kweli, a7, b7 na b8 zote zimefungwa, lakini hayupo kwenye cheki (hashambuliwi) na hana kete nyingine ya kusogeza: sare. Malkia mzima umemtupa. Kila unapobana, mwachie sanduku moja la kupumua hadi mfalme wako afike kusaidia.

Jifunze pia kuizima mbinu ya hatua nne, maana kila mtu wa bwenini atakujaribu nayo: malkia h5, askofu c4, wanalenga f7. Ukijibu kwa kumtoa farasi f6 kumfukuza malkia wakati askofu yupo tayari c4, umekwisha. Sukuma askari g6 kwanza. Malkia akirudi f3 ndipo farasi anatoka f6, na sasa yeye ndiye aliyepoteza muda.

Baada ya hapo ni mafumbo, yaani picha za ubao unazotafutia hatua bora, na hapa ndipo saa nyingi zinapoliwa bila faida. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walionyesha wachezaji ubao kwa sekunde tano hivi kisha wakautoa. Mahiri aliweza kurudishia kete nyingi mahali pake, mgeni chache sana. Kete zilipotawanywa ovyo bila mpangilio wa mchezo, tofauti yao karibu ikatoweka. Maana yake mahiri hana kumbukumbu ya ajabu; amehifadhi mipangilio, maelfu yake, na anaitambua. Mafumbo ndiyo njia ya kuihifadhi, kwa masharti. Fanya 10 hadi 15 kwa siku, sio 60. Usisogeze kete mpaka uone mwisho wa mfululizo wa hatua. Ukipata chini ya nane katika kumi, umechagua magumu mno, shuka. Na yale uliyokosa yaandike kwenye daftari, uyarudie baada ya wiki. Anayebahatisha haraka haraka anaufundisha mkono kubahatisha, na mkono unasikia.

Michezo yenyewe iwe ya dakika 15 na kuendelea kwa kila mmoja, ikiwa na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua kama saa inaruhusu. Ya dakika tatu acha iwe ya kuburudika Jumamosi. Sababu ni rahisi: katika dakika tatu unarudia unachokijua tayari, pamoja na makosa yako. Andika hatua zote, K kwa mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Mchezo ukiisha, kabla ya kufungua programu yoyote, kaa na mpinzani dakika kumi mwulizane: hapa uliogopa nini? Baada ya hapo ndipo uiulize Stockfish, programu ya kuchambua chesi, ambayo ni ya bure na kwa simu za Android inapatikana ndani ya DroidFish bila intaneti. Ukianza na kompyuta utaona namba tu ya nani yuko mbele, +2.3, utatikisa kichwa na kusahau kesho yake. Kama una saa moja tu, mchezo mmoja uliochambuliwa hivi unaishinda michezo sita ya mfululizo.

Suala la ufunguzi, yaani hatua za kwanza za mchezo, tunalisema kwa kifupi kwa sababu wageni wanalipa uzito usio wake. Chagua mmoja kwa nyeupe na miwili kwa nyeusi, ukae nayo mwaka mzima. Chini ya 1500 hakuna mchezo unaoamuliwa na hatua ya kumi na mbili ya ufunguzi. Na video za ufunguzi zinamaliza bando.

Mwisho wa mchezo ndio unaodharauliwa, nasi tunawasihi muanze na huu mmoja. Mfalme wako e5, askari wako e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweusi, umeshinda: akienda d7, wewe unaingia f6 na askari anafika mbele. Zamu ikiwa yako, ni sare: ukienda d5 naye anakuja d7, mnatazamana, hakuna pa kupenya. Kete zilezile, visanduku vilevile, tofauti ni nani anatakiwa asogee. Ukielewa hapo, utaanza kujua wakati gani ubadilishane malkia na wakati gani ukatae.

Sasa lile la 2000. Huku kwetu akili na muda vipo. Juni na Julai baridi ya Uyole na Makambako inamfungia mtu ndani jioni nzima. Wanaokosekana ni wapinzani waliokuzidi. Ukishawafunga watu wanane wa chuoni kwako, kiwango kinasimama, kwa sababu makosa yako hayaadhibiwi tena. Jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma walimtoa Amon Simutowe, aliyepata ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha chesi, mwaka 2009, wa kwanza kusini mwa Sahara, na yeye pia alipitia Marekani kwa ufadhili wa chesi katika chuo kimoja cha Texas. Njia ya kawaida kwako ni Lichess, tovuti ya kucheza chesi, ya bure na isiyo na matangazo. Tafuta huko wanaokuzidi alama 100 hadi 200, usizidishe. Kumbuka tu alama za huko si alama za FIDE. Mgeni anaanzishiwa 1500, na hiyo haimaanishi lolote bado. Umeme ukikatika au mtandao ukisumbua, programu yao ya simu ina mafumbo yanayofanya kazi bila intaneti, mradi uliyapakua mapema.

Kwa mashindano yanayohesabiwa na FIDE, jiandae kwa safari ya Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo fika siku moja kabla. Aliyeshuka kwenye basi usiku wa manane hugawa malkia raundi ya kwanza. Ukigusa kete umeicheza, hakuna "samahani nilikuwa naipanga" isipokuwa umesema kabla ya kugusa. Simu isiingie nawe ukumbini bila ruhusa ya mwamuzi, maana ikikutwa kwako unaweza kupoteza mchezo. Unahitaji michezo mitano dhidi ya wenye alama ili upate za kwako, na tangu Machi 2024 orodha inaanzia 1400, chini ya hapo hutokei. Ukishatokea, michezo 30 ya kwanza alama hupanda na kushuka kwa kasi: ukimfunga aliyekuzidi 200 unapata takriban 30, akikufunga unapoteza kama 10. Ndiyo maana kwenye fomu ya kujiandikisha, penye kundi la wanaoanza na kundi la wazi, wewe weka tiki kwenye la wazi, lile la wote.