Nyuki akinizengea, nikimbie au nisimame?

SWALI: Nyuki akinizunguka huwa nampiga kofi, na mara wanatokea wengine. Nakosea wapi? Nikimbie au nisimame?

JIBU: Kosa ni hilo kofi. Nyuki aliyepondwa huacha harufu ya kuwaita wenzake, inayofanana na ya ndizi mbivu, nao humwandama aliyepakwa harufu hiyo. Nyigu nao wana harufu yao ya hatari.

Akiwa mmoja, tulia, usimpulizie pumzi, kisha sogea polepole. Wakija kundi, kanuni inageuka: kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, vuta shati lifunike uso ila macho yaone njia, ingia ndani ya nyumba au gari, ufunge. Wachache wataingia nawe. Ni afadhali hao kuliko kundi la nje. Usijitose majini, watakungoja uibuke.

Vaa rangi nyepesi, punguza manukato. Soda ya kopo imimine kwenye glasi, maana nyigu hupenda kujificha humo.

Mwiba wa nyuki hubaki mwilini pamoja na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu. Ukwangue kwa ukucha papo hapo. Wanaobishana kuhusu kibano au kadi wanapoteza sekunde. Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kitambaani. Nyigu kwa kawaida haachi mwiba, hivyo anaweza kuchoma tena na tena.

Ulimi au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja, hata kama umechomwa mara moja tu.