Anayegoma kuvaa sare kila asubuhi

Dada, huyo mtoto wako wa miaka 4 anayejitupa sakafuni kila ukimvalisha sare ya shule hajalogwa; umri huo naye anataka awe na usemi. Mpe achague kati ya vitu viwili tu, vyote unavyovikubali: "Tuanze na shati au soksi?" Usimuulize "unataka kuvaa?" maana jibu lake unalijua. Akishaanza mayowe acha kumhubiria, hasikii kitu. Kaa karibu, sauti chini, akitulia umalizie kumvalisha. Na bibi yake asimhonge biskuti ili anyamaze, kesho atalia makusudi (najua, kumwambia mama mkwe hivyo ni kazi). Siku akivaa mwenyewe, hata vifungo vikipishana, msifie palepale na umwache aende hivyohivyo.