Panga Vituo kwa Saa, Si kwa Kilomita: Kutoka Dar es Salaam Hadi Mbeya kwa Pikipiki

Mara ya kwanza nilipokwenda Mbeya kwa pikipiki nikitokea Dar es Salaam, nilikesha na ramani nikiweka alama kila baada ya kilomita 70 au 80, nikijiambia kwamba penye alama ndipo nitakaposimama kunyoosha mgongo na kuitazama nchi. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 800, hivyo alama zikafika 11. Matokeo yake, nilisimama juani mahali pasipo na kivuli wala cha kutazama, na Mlima Kitonga, ule mpando wa kona nyingi kabla ya kufika Iringa, ambao ndio ulionitoa nyumbani, niliufikia giza likiingia. Niliupanda nyuma ya lori la shehena, taa yangu ikimulika bodi lake tu. Bonde la mibuyu lililo chini ya mlima huo nilikuwa nimekwisha kulipita bila kuliona, na hadi leo naihesabu siku ile kuwa siku niliyoipoteza.

Tangu hapo napanga vituo kwa kufuata saa. Huanza na mahali pawili au patatu ambapo nisipopaona nitajuta, nikajiuliza kila mahali panapendeza saa ngapi na saa ngapi pana usalama kwa mtu wa magurudumu mawili, kisha narudi nyuma kwa hesabu hadi nijue nilale wapi ili nifike kwa wakati. Vituo vya mwili ni jambo jingine kabisa. Kila baada ya saa moja na nusu mikono na kiuno hudai haki yao, na hapo popote penye kivuli na maji panatosha, iwe Chalinze au kijiji nisichokijua jina. Ukivichanganya vituo vya aina hizi mbili utajikuta unapumzika penye mandhari ukiwa umechoka mno kuyatazama.

Chukua Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi hiyo kwa takriban kilomita 50, na mpita njia hatozwi kiingilio, hivyo wengi huiona kama kipande cha barabara tu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na twiga, pundamilia, swala na tembo huonekana mara nyingi kutoka barabarani. Lakini aliye juu ya pikipiki hana mlango wa kufunga, na kushuka karibu na wanyama ni hatari ambayo hakuna picha inayoistahili. Kwa hiyo hapo panga mwendo wa taratibu badala ya kituo. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mchana ni kilomita 70 kwa saa, nami huenda chini ya hapo. Jaza mafuta Morogoro, kunywa chai bila haraka, kisha uingie hifadhini karibu na saa kumi alasiri, wakati wanyama wanaanza kutoka vivulini na mwanga bado unatosha kumwona nyati aliyesimama kando ya lami. Jua litakuwa limeanza kukuelekea machoni, hivyo safisha kioo cha helmeti kabla ya kuingia, maana wadudu waliokaukia juu yake hugeuka ukungu mtupu jua likiwapiga. Usiku usipite kabisa.

Nalala mji wa Mikumi, na huu ndio uamuzi uliobadilisha safari zangu zote za njia ile. Asubuhi naondoka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa mgongoni, na kufikia saa mbili hivi niko katika bonde la mibuyu ambalo Mto Ruaha Mkuu unalipitia. Wakati wa kiangazi mibuyu haina majani, na jua la asubuhi linapoyagonga mashina yake yale manene, ganda la kijivu linakuwa na wekundu kama wa shaba iliyosuguliwa. Mchana wekundu huo haupo tena. Hapa ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko popote, nusu saa nzima, bila kutoa simu kwanza. Injini inapopoa utasikia bomba la moshi likilialia, na ukisogea karibu na shina utaona huenda lina vigingi vilivyopigiliwa kupanda juu, kazi ya watu wanaofuata asali na ubuyu. Ukiwa unapita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mbuyu ni kivuli kilichokwenda nyuma.

Kuhusu kuegesha, niseme jambo dogo lililonigharimu kioo cha pembeni na kishikio cha klachi. Ardhi ya kando ya barabara ni laini, na stendi ya pembeni yenye mzigo wa siku nne juu yake huzama polepole wakati mwenye pikipiki ameshageuka kutazama bonde. Siku hizi nina kipande cha ubao wa ukubwa wa kiganja, nimekifunga chini ya keria kwa mpira wa tairi la ndani, nacho nakiweka chini ya stendi kila ninaposimama nje ya lami. Pikipiki naielekeza kule ninakokwenda na kuiacha katika gia ya kwanza. Kama mahali hapana nafasi ya kutoka barabarani kabisa kwa mita kadhaa, mimi hapo sisimami, hata pangekuwa pazuri kiasi gani.

Kanuni hiyo inahusu Kitonga kuliko kwingine kote. Nikiwa Ruaha Mbuyuni, ambako vitunguu hupangwa kando ya barabara, nilimwamkia dereva mmoja wa lori aliyekuwa akikagua matairi yake. “Marahaba, mwanangu,” aliniitikia, kisha akaniambia niyaache malori yote yaliyopangana yaanze kupanda, nikae, ninywe maji, ndipo nifuate. Nilimtii na nikaona faida yake, kwa sababu kwenye kona za Kitonga hakuna nafasi ya kulipita lori kwa salama, na dizeli inayodondoka kwenye lami haionekani mpaka tairi liteleze. Ukipanda saa nne asubuhi barabara ikiwa kavu, unaona kona inayofuata kabla hujaifikia. Yatazame mandhari ukiwa umesimama sehemu pana iliyo nje ya njia. Ukiwa kwenye mwendo, macho yabaki barabarani.

Iringa nalala tena, ingawa mchana bado ni mrefu, kwa ajili ya Isimila. Mahali hapo pako takriban kilomita 20 kutoka mjini ukielekea Mbeya, penye korongo la nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na zana za mawe za watu wa kale sana. Mwaka 1951 msafiri aliyekuwa akitoka Nairobi kwenda Johannesburg alisimama hapo, akaokota zana hizo, na ndivyo Isimila ilivyojulikana kwa wanasayansi. Kila ninaposhuka korongoni namkumbuka msafiri huyo.

Fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana chini ya nguzo hewa haitembei na koti la pikipiki linageuka tanuri. Beba viatu vyepesi vya kubadilisha, kwa kuwa buti ngumu za safari hazifai mchangani. Ukirudi juu, vaa koti tena na ufunge zipu kabla hujawasha injini, hasa mwezi Juni hadi Agosti, kwani kuanzia hapo barabara inaelekea Mafinga, na baridi ya kule hukukuta ukiwa tayari kwenye mwendo.