Maswali ya Wasomaji: Vyumba vya Darini Vipangwe Kabla ya Paa

SWALI: Ndugu Mhariri, tunajenga nyumba yenye upana wa mita 8 na urefu wa mita 12. Tuko watu kumi: mimi na mume wangu, mama mkwe, na watoto saba, ambao kati yao wasichana watatu na wavulana wawili wameshakuwa wakubwa, na wadogo wawili bado wanahitaji kulala karibu nasi. Ramani ina vyumba vitatu vya kulala chini, nasi tunataka vingine vitatu darini. Paa limechorwa kwa mwinamo wa nyuzi 30. Fundi wetu anasema tusihangaike na vyumba vya juu kwa sasa, kwamba paa likishakaa tutaona nafasi iliyopatikana. Je, ushauri huo ni sahihi? — Mama wa Saba

JIBU: Ndugu Mama wa Saba, ushauri huo si sahihi, na ni bora umeuliza kabla mbao hazijakatwa. Paa likishakaa, kitu pekee mtakachoweza kuona ni kwamba nafasi haipo. Chumba cha darini hakipimwi kwa ukubwa wa sakafu yake bali kwa sehemu ya sakafu hiyo ambayo mtu anaweza kusimama wima bila kuinama, na sehemu hiyo huamuliwa na mwinamo wa paa na kimo cha kuta za kando, mambo mawili ambayo hayabadiliki kwa urahisi baada ya kuezeka.

Tuchukue vipimo vyako mwenyewe, tukihesabu kutoka juu ya sakafu iliyokamilika hadi chini ya dari iliyokamilika. Nyumba ya upana wa mita 8 yenye mwinamo wa nyuzi 30, ikiwa paa linaanzia usawa wa sakafu ya juu, itakupa kimo cha takriban mita 2.3 katikati kabisa, chini ya kilele. Ukitafuta mahali penye kimo cha mita 2.1, utapata ukanda wenye upana wa sentimita 70 hivi, yaani ujia wa kupita mtu mmoja, na pande zote mbili za ujia huo ni pa kutambaa. Mwinamo ukiwa wa nyuzi 45, ukanda huo hupanuka hadi mita 3.8. Tofauti ni kubwa kiasi hicho, ilhali kuta za chini hazijaguswa.

Si lazima uende hadi nyuzi 45, kwa kuwa paa refu hutumia mbao na bati nyingi zaidi na hushika upepo zaidi. Njia ninayoipendelea kwa nyumba kama yako ni kubakiza nyuzi 30 na kupandisha kuta za kando kwa mita 1 juu ya sakafu ya darini kabla ya kulaza paa. Hapo ukanda wa kusimama unakuwa wa mita 4.2, na sehemu yenye kimo cha mita 1.5 au zaidi inafikia mita 6.2. Hata hivyo, usimwachie fundi peke yake uamuzi huu. Mbao za paa husukuma kuta kuelekea nje, na katika nyumba ya kawaida ni boriti ya mlalo inayozifunga pamoja juu ya ukuta ndiyo huzuia msukumo huo. Ukuta ukishapandishwa, boriti hiyo inabaki chini kwenye sakafu, na kipande cha ukuta kilicho juu yake hakina kitu cha kukishika. Mhandisi ndiye atakayeamua kama panahitajika mkanda wa zege wenye nondo pamoja na nguzo, au boriti nzito kileleni, au vyote viwili.

Sasa kuhusu vyumba vitatu: kwa maoni yangu jenga viwili. Sababu ni ngazi, ambazo watu wengi hukumbuka mwishoni. Ikiwa kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni mita 3, ngazi zenye mipando 16, kila mmoja chini kidogo ya sentimita 19, zitakuwa na nyayo 15 (sehemu za kukanyagia) za sentimita 25, na kwa hiyo zitameza mita 3.75 za urefu, bila kuhesabu mahali pa kutua unapofika juu. Tena hazifai kuwekwa pembeni. Anayepanda anahitaji kimo cha takriban mita 2 kutoka kila ukanyagio hadi dari, na kimo hicho hakipatikani pembeni, hivyo ngazi zitakaa katikati ya nyumba upende usipende. Ukitoa ngazi na pa kutua, kati ya mita 12 zinabaki zaidi kidogo ya mita 7, yaani mita 3.6 kila upande. Vyumba viwili vya mita 3.6 kwa 6.2, kimoja cha wasichana watatu na kingine cha wavulana wawili, ni vyumba vya heshima. Vitatu vingekuwa vibanda, na kimoja kingekosa dirisha la ukutani.

Jambo hilo la dirisha ni la usalama kuliko la hewa. Anayelala darini moto ukianzia chini amefungiwa njia, kwa kuwa ngazi huwa bomba la moshi. Kila chumba kiwe na dirisha lisilo na nondo zisizofunguka, ambalo mtu anaweza kupenya. Mwongozo wa Uingereza unataka uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, usiwe na upande wenye chini ya sentimita 45, na ukingo wake wa chini usizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Marekani kanuni ya nyumba za makazi inataka uwazi mkubwa zaidi, wa mita za mraba 0.53. Weka pia ving'ora vya moshi juu na chini, vilivyounganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie.

Kitanda nacho kina mahali pake. Mtu mzima akikaa kitandani, utosi wake hufika mita 1.4 hivi kutoka sakafuni. Ukilaza kitanda cha sentimita 90 sambamba na ukuta wako wa mita 1, katikati ya godoro patakuwa na kimo cha chini ya mita 1.3, na kila asubuhi utasikia paji la uso likigonga dari. Kigeuze, mto uelekee ukutani: anapoinuka, kiwiliwili kinasogea kwenye mita 1.5 na anakaa vizuri. Vitanda vya dabodeka visahau kabisa huku juu.

Bafu la juu likae ubavuni mwa ngazi, juu ya bafu la chini kadiri iwezekanavyo, ili bomba la maji taka lishuke wima. Angalia pia tangi linakaa wapi, kwa sababu likiwa usawa wa sakafu ya darini, bomba la mvua la juu halitatoa kitu. Mama mkwe abaki chini, bila shaka umeshaamua hivyo.

SWALI: Nyumba yetu imeshaezekwa kwa kenchi za mbao, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, na dari ina nafasi kubwa tu ya hewa. Je, naweza kukata zile mbao za mshazari za katikati ili nipate chumba cha watoto? — Msomaji wa Zamani

JIBU: Hapana, hata moja. Katika kenchi kila kipande kinabeba kingine, na ule mshazari unaouona kama kizuizi ndio unaozuia paa lisibonyee. Shida ya pili iko miguuni. Boriti za chini za kenchi kwa kawaida hupangiwa kubeba dari na pengine vitu vichache vyepesi, takriban kilo 50 kwa mita ya mraba, ilhali sakafu ya chumba cha kulala hupangiwa karibu kilo 150. Kuna kenchi zinazoundwa tangu mwanzo zikiwa na uwazi wa chumba katikati na boriti nene chini, lakini zako si hizo. Mhandisi anaweza kukuchorea namna ya kuweka sakafu mpya inayolala juu ya kuta zenyewe na kubadilisha kenchi kwa awamu; mwombe hesabu ya kazi hiyo, kisha uilinganishe na gharama ya kuongeza chumba kimoja chini. Mara nyingi cha chini ndicho huwa nafuu.